Ulikuwa unakwenda kwa nani?

Kina mama wa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ndio walionipigia simu. Tangu alfajiri walikuwa wanamwona binti amekaa juu ya gunia tupu, karibu na wanapochambua dagaa, amekumbatia mkoba wa shule. Haombi kitu, hasemi na mtu. Mama lishe mmoja akampelekea chai na chapati, akamuuliza kwao wapi. Ngudu. Na huku Mwanza amefuata nini?

"Nimekuja kujitafuta."

Vijana wetu neno hili wanalitumia kwa kuhangaikia maisha: bado najitafuta, fulani keshajipata. Mama lishe alilielewa hivyo, akadhani binti anataka kazi. Namshukuru Mungu kwamba alinipigia mimi kabla hajamtafutia hiyo kazi, maana pale mwaloni zipo, na nyingine hazifai kwa mtoto wa miaka kumi na tano.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kwa miaka kumi na miwili sasa nakaa na watoto waliotoroka makwao, wengi wao wasichana, na leo nataka kueleza jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulijifunza. Nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe.

Zamani mtoto akiletwa ofisini nilianza na "Kwa nini umetoroka?" Kila mtu humwuliza hivyo, polisi, mwenyekiti wa mtaa, abiria mwenzake ndani ya basi. Swali hilo limeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Atajibu kwa kujitetea, au atakupa jibu analodhani unalitaka, au atatazama sakafu mpaka uchoke. Siku hizi, akishakula na kuoga, nauliza: "Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Mara nyingi yupo. Bibi aliyemlea mpaka alipoanza darasa la kwanza. Dada wa baba mmoja aliyemwona mara moja msibani. Mwalimu aliyehamishwa. Baba. Watu wazima tunaona mtoto anakimbia kitu, na kweli anakikimbia, lakini miguu yake ina upande inakoelekea, na huko ndiko kuna habari zake zote.

Yule wa Kirumba hakunijibu kwa maneno. Alifungua mkoba. Mlikuwa na sketi ya shule, kanga, madaftari mawili, na katikati ya daftari la Jiografia kadi yake ya kliniki, ile ya kupimiwa uzito utotoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne mpaka imetoboka kwenye mikunjo. Akaitandaza juu ya meza yangu, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole penye jina la baba. Pameandikwa jina moja tu, halina la ukoo, na pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine: mvuvi, Ukerewe. Alikuwa ameiiba kwenye sanduku la mama yake miezi mitatu kabla ya kuondoka. Miezi mitatu mizima analala na kadi hiyo chini ya godoro, watu wa nyumbani wanasema ameota kiburi.

Nyumbani alikuwa mtoto wa kufikia. Mama yake aliolewa yeye akiwa na miaka minne, wakazaliwa wengine wanne. Baba wa kambo hakuwa mtu mkatili. Alimlipia michango ya shule, alimnunulia viatu. Lakini fedha ikipotea ndani, wa kwanza kuitwa ni yeye. Wageni wakija hutajiwa watoto wanne, kisha yeye hutajwa peke yake, "na huyu alikuja na mama yake." Alipofika kidato cha pili akaanza kupigana shuleni, akakosa mtu wa kukaa naye dawati moja, akapewa barua ya kusimamishwa masomo wiki mbili. Barua ilipofika nyumbani likatamkwa lile neno ninalolisikia kwa wazazi karibu kila wiki: ameshindikana.

Naomba wazazi mnielewe kuhusu neno hilo. Linatamkwa kwa uchovu, mara nyingi na mama anayempenda mtoto wake. Lakini binti analichukua kama jina. Umri huo kazi yake kubwa ni kujua mimi ni nani, na mwanasaikolojia Erik Erikson alishaieleza vizuri tangu miaka ya 1950: kijana anajaribu majibu mbalimbali, na jibu baya ni afadhali kwake kuliko kukosa jibu kabisa. Ukimwambia ameshindikana, umempa moja. Aliyekuwa anapigana mara moja kwa muhula atapigana kila wiki.

Huku kwetu kuna mzigo mwingine juu ya huo. Kwa mila za Wasukuma, mtoto aliyezaliwa kabla mahari haijatoka huhesabiwa wa ukoo wa mama. Mila hiyo ilimpa mtoto mahali, ilihakikisha habaki hewani, na ilifanya kazi vizuri pale ambapo babu na wajomba walikuwa boma moja. Lakini siku hizi mama anaolewa mbali, mtoto anaishi kwa mwanamume ambaye si ukoo wake, na wajomba wenyewe wako Geita machimboni. Anabaki na ukoo wa kutajiwa tu. Akiuliza upande wa baba anaambiwa anyamaze, "baba yako ni huyu anayekulisha."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina, uraia, na kuwafahamu wazazi wake wa kumzaa na ndugu wa ukoo wake. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kumnyima haki hiyo. Nimekisoma kwenye vikao vingi vya familia na kila mara kuna mtu anashangaa. Watu wanajua haki ya chakula na shule. Hawajui kwamba binti anayeuliza "baba yangu nani?" anadai kitu kilichoandikwa.

Hatari iliyoko njiani sitaificha. Stendi, Nyegezi na Nyamhongolo, wapo wanaowatambua wasichana wa aina hii kwa kuwaangalia tu: mkoba wa shule siku ya shule, macho yanayozunguka, simu hana. Wanaanza na soda. Baadaye kuna "dada mmoja Dar anatafuta msichana wa kazi." Kwenye visiwa vya ziwani, kama Ukerewe, kuna hesabu nyingine, ambayo nimefundishwa na wavuvi wenyewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo watu wanapumzika siku kadhaa, na mapato ya giza lote yako mifukoni. Ni siku za pombe na muziki, na ndizo siku vibanda na baa za kambini zinataka wasichana wa kuhudumia. Binti akishuka mtumbwini juma hilo, hana mwenyeji, atapata mwenyeji ndani ya saa moja. Nikiambiwa mtoto kavuka, kitu cha kwanza ninachouliza ni mwezi uko wapi.

Kwa hiyo ukimwona, usipite. Sheria hiyohiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake aifikishe serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anatosha kuanzia, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au simu 116, ambayo haina malipo. Mpe chai kwanza. Usimpigie kelele, usimpige picha ukairusha kwenye magrupu. Binti niliyemhudumia mwaka mmoja nyuma alionwa na darasa lake zima kwenye picha kama hiyo kabla mama yake hajamwona, na hakurudi tena shule ile.

Sasa kuhusu kurudishwa nyumbani, na hapa nina kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mwepesi wa kurudisha. Mtoto leo, nauli kesho, keshokutwa yuko kwao, jalada limefungwa, na ripoti inapendeza. Nilimrudisha msichana mmoja kwa haraka hivyo. Alilia njia nzima ndani ya basi na nikamwambia mama yake amemkumbuka. Baada ya wiki tatu akatoroka tena, na safari hiyo tulimpata baada ya miezi saba. Alichokuwa anakimbia kilikuwa ndani ya nyumba ile, nami sikukaa naye muda wa kutosha ili aweze kukisema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Namba hiyo naijua kwa kichwa. Siku ile nilijifanya haimhusu mtoto aliyekaa pembeni yangu.

Tangu hapo sirudishi mtoto kabla sijajua usiku analala wapi, na nani ana ufunguo wa mlango huo. Kama kuna shaka, anakaa kwa familia ya kuaminika tuliyoithibitisha, wakati tunaendelea kuuliza. Inachukua siku. Wakubwa wakiniuliza kwa nini jalada halijafungwa, nawaeleza.

Kwa binti wa Ngudu hatukukuta hatari ya namna hiyo. Mama yake alifika Mwanza siku ya pili, kajifunga kitenge kichwani, hajalala. Nilimwomba jambo moja tu: usiku wa kwanza asimuulize chochote wala asimwitie mjomba wa kumkanya. Walilala chumba kimoja kwa yule mama lishe, ambaye alikataa kabisa waende gesti. Asubuhi mama akaniambia, "Dada ustawi, huyo mwanamume yupo. Najua kijiji chake. Nilikuwa naogopa atamkataa mbele yangu."

Nilipiga simu kwa mwenzangu wa Ukerewe, naye akaenda mpaka kijijini kwanza. Hili ni la lazima. Kamwe usimpeleke mtoto kwa mzazi ambaye hajaulizwa, maana akikataliwa mlangoni utakuwa umemmalizia kazi uliyokuja kuizuia. Mwenzangu akarudi na jibu la nusu. Baba ana familia, ameona aibu, hajakataa. Ana dada yake mkubwa jirani, na huyo dada anasema mtoto aletwe hata leo.

Tulipanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, wiki iliyofuata, mimi, mama na binti. Karibu saa tatu majini, na binti hakukaa chini hata mara moja. Baba tulimkuta uani anatengeneza nyavu. Alipokea shikamoo, akauliza, "Mama yako hajambo?" hali mama yuko palepale, akarudi kwenye nyavu zake, mikono ikitetemeka. Hakusema zaidi siku hiyo. Nilimtazama binti nikijua moyo umemwanguka.

Shangazi ndiye aliyeifanya kazi. Alimshika mkono akamwingiza jikoni, akamkalisha kwenye kigoda, akampa mwiko asonge ugali wa muhogo. Binti hajawahi kuusonga, ulimgandia. Shangazi akaushika mwiko huku mkono wa mtoto ungali juu yake, akaanza kumtajia majina: babu yako fulani, bibi yako fulani, aliyezama ziwani, aliyehamia Majita, huyu wa miguu mirefu kama hii yako. Binti akachukua daftari la Jiografia akawa anaandika. Nilihesabu majina kumi na tisa.

Alikaa siku nne, akarudi Ngudu na mama yake. Kupigana hakukuisha mara moja, na shule ilibidi ahamishwe. Kila likizo ndefu anavuka, kwa nauli ambayo baba wa kambo ndiye anayeitoa. Safari ya kwanza shangazi alimfungia kopo la dagaa wa kukaanga ampelekee mama yake. Mama aliniambia lilikaa kabatini wiki nzima halijafunguliwa, mpaka Jumapili moja binti mwenyewe alipolitoa akapakua sahani saba.