Thori haiwaki yenyewe

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: gramu 8 za madini ya thori zitaendesha gari miaka 100. Siwalaumu wanaousambaza, maana kiu ya umeme tunaijua sote. Ila mimi nafundisha kemia, na inaniuma kuona elementi yenye kisa kizuri hivi ikisimuliwa kwa uongo.

Dhana: Gramu 8 zinatosha gari kwa miaka 100.

Hesabu ya nishati haiko mbali sana na ukweli. Viini vya atomi zote za gramu 8 vikipasuka, hutoa joto la karibu kilowati-saa 180,000. Tatizo ni hilo neno "vikipasuka". Thori ya asili, yaani thori-232, ukiiweka mezani haifanyi lolote ila kuoza, yaani atomi zake kugeuka elementi nyingine huku zikitoa mionzi, polepole mno: nusu-uhai wake, muda wa nusu ya atomi kuoza, ni miaka bilioni 14. Katika gramu moja, atomi kama 4,000 huoza kila sekunde. Unaweza kudhani ni nyingi, lakini joto lake haliwashi hata balbu ya tochi.

Mimi huwaambia wanafunzi kwamba thori ni kuni mbichi. Haishiki moto mpaka ikaushwe kwenye moto wa kuni nyingine, na hizo kuni kavu ni urani-235 au plutoni, zinazotoa nyutroni, chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomi. Kiini cha thori-232 kikimeza nyutroni kinakuwa thori-233. Ndani ya dakika 22 hivi nusu ya thori-233 huwa imegeuka protaktini-233. Hapo ndipo pa kungoja: nusu ya protaktini huchukua siku 27 kugeuka urani-233, na hiyo urani ndiyo inayopasuka vizuri. Kwa hiyo hata katika kinu cha nyuklia kinachoitwa cha thori, kinachotoa joto hasa ni urani.

Siku hizo 27 zimewakosesha wahandisi usingizi. Protaktini ikibaki ndani ya kinu, sehemu yake humeza nyutroni nyingine kabla haijawa urani, na hapo umepoteza nyutroni pamoja na fueli. Ukitaka kuitoa, nayo ni msumbufu: katika maji hunata kwenye kuta za chombo cha kioo. Unamimina ukidhani umeipata yote, kumbe sehemu yake imebaki imeng'ang'ania ukutani.

Dhana: Thori haitengenezi bomu, ndiyo maana ilifichwa.

Mwaka 1955, katika jangwa la Nevada, Marekani ililipua bomu la majaribio lililotumia plutoni pamoja na urani-233. Kinachotatiza watengeneza bomu ni kwamba urani-233 huzaliwa pamoja na urani-232 kidogo, ambayo katika kuoza kwake huzaa tali-208 yenye miale mikali ya gama. Kuishika kunahitaji kuta nene na mikono ya mashine. Kazi inakuwa ngumu, lakini haizuiliki.

Na kufichwa? Kinu cha chumvi iliyoyeyuka, ambamo fueli huchanganywa ndani ya chumvi ya moto iliyo kimiminika, kilifanya kazi Oak Ridge, Marekani, 1965 hadi 1969, na ripoti zake zinasomwa na yeyote anayetaka. Katika kinu cha Shippingport, hukohuko Marekani, kuanzia 1977 hadi 1982, fueli ya thori na urani-233 ilizalisha urani ya kupasuka zaidi kidogo ya ile iliyoteketeza. Kilichoiangusha thori ni kwamba urani inakuja na kuni zake kavu, yaani urani-235 iliyomo ndani yake tangu asili, na viwanda vilikuwa vimekwisha kujengwa kuifuata.

Dhana: Kinu cha thori hakiwezi kuyeyuka.

Hapa watu huchanganya fueli na aina ya kinu. Sifa wanazoitaja ni za kinu cha chumvi iliyoyeyuka, kama kile kidogo cha megawati 2 za joto kilichoko Gansu, China. Cha Shippingport kilipozwa kwa maji ya kawaida. Na kinu chochote ukikizima, mabaki ya mpasuko huendelea kutoa joto, asilimia 6 hivi ya nguvu yake mwanzoni. Joto hilo lazima lipate pa kwenda.

Dhana: Haiachi taka.

Inaacha plutoni pungufu kuliko urani. Lakini sizi-137 na stronti-90, mabaki ya mpasuko yenye mionzi, ziko palepale.

Dhana: Ni sawa na urani tu, mitambo ileile itafaa.

Zamani jedwali la elementi liliiweka thori chini ya hafni, hadi mkemia Mmarekani Glenn Seaborg alipoihamishia kwenye safu ya aktinidi, pamoja na urani na plutoni, miaka ya 1940. Alikuwa sahihi. Lakini waliotangulia hawakuwa wajinga: katika maji thori hukaa kwenye hali moja tu ya uoksidishaji (idadi ya elektroni ilizopoteza), +4, na haina rangi. Urani hupanda hadi +6 na kugeuka njano. Plutoni ina hali kadhaa, kila moja na rangi yake.

Tabia hiyo ya kutobadilika ni neema ndani ya kinu, kwani oksidi ya thori huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,300 za Selsiasi. Balaa huja ukitaka kuisafisha ili utoe urani. Oksidi ya urani huyeyuka katika asidi ya nitriki ya moto. Ya thori inakutazama tu, mpaka uongeze floridi kidogo. Na floridi hiyo huanza kula matangi yako ya chuma cha pua.

Dhana: Ukiigusa unakufa.

Mionzi yake, chembe za alfa, husimamishwa na ngozi. Hatari ni kuiingiza mwilini: dawa ya picha za eksirei iitwayo Thorotrast, iliyokuwa na oksidi ya thori, ilibaki kwenye maini ya wagonjwa na kuwaletea saratani miaka mingi baadaye. Lakini kuishi nayo, wengi tumeishi nayo. Kile kifuko cha kitambaa cha karabai za zamani kililoweshwa chumvi za thori. Ukikichoma mara ya kwanza, uzi unateketea na kinabaki kifuko cheupe cha jivu, chepesi hata pumzi inakivunja. Jivu hilo ni oksidi ya thori, na ndiyo iliyokuwa inang'aa juu ya mitumbwi ya dagaa usiku.