Kabla hujabonyeza "Fomati"

Juzi tena. Mzee kaja na kompyuta ya enzi za Windows XP, picha za harusi ya bintiye zimo humo.

"Fundi, diski imegeuka tupu. Kijana mmoja kaniambia nifomati kwanza, halafu wewe utarudisha."

"Na umefomati, mzee wangu?"

"Mara mbili."

Hii kauli ya "fomati kwanza" imenichosha. Patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhi mafaili, ikipotea, mara nyingi mafaili yapo palepale. Kwenye mashine hizi za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia kompyuta), jedwali la patisheni, linaloonyesha kila patisheni inaanzia wapi, hukaa kwenye sekta ya kwanza, yaani kipande kidogo cha kwanza cha diski: baiti 64 tu, nafasi nne za baiti 16. Mpango huo ni wa tangu DOS 2.0, mfumo uliotangulia Windows, mwaka 1983. Likiharibika jedwali, kilichopotea ni anwani.

Kinachoniumiza zaidi ni namba mbili, 63 na 2048. XP ilianza patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63. Tangu Vista, Windows huanzia 2048. Sasa mtu anachomoa diski ya XP iliyopoteza jedwali, anaichomeka kwenye kompyuta mpya, anaunda patisheni upya. Tofauti ni sekta 1,985, haifiki hata MB moja, lakini Windows inatafuta mwanzo wa NTFS, mpangilio wake wa mafaili, mahali usipokuwepo. Inaandika RAW, yaani haitambui mpangilio wowote, inaomba ufomati. Amegonga nyumba ya jirani, anasema mwenyeji kahama!

Fomati ya haraka huandika jedwali jipya la mafaili, na linaweza kufunika sehemu ya lile la zamani. Majina na mafolda huondoka nalo. Fomati kamili ndiyo msiba wenyewe. Ya XP ilikagua sekta tu. Tangu Vista huandika sifuri patisheni nzima. Waliojifunza ufundi zamani bado wanasema "hata ukifomati inarudi". Irudi kutoka wapi?

Mimi kwanza nanakili diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kisha naendesha TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, kwenye nakala. NTFS huhifadhi nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa patisheni, na hiyo imeniokoa mara nyingi.

Ila kunakili nako kuna hatari. Diski kuukuu ukiisoma yote unaichosha, na zipo zilizonifia katikati ya kazi. Vitabu vinasema tazama SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Naitazama, lakini utafiti wa Google wa mwaka 2007, kwenye diski zaidi ya 100,000, ulikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na hata moja ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo nasikiliza kwa sikio. Ikianza kugonga tik-tik, nazima, nampigia mwenyewe aamue, na kila mara nabaki na wasiwasi kama nimezima mapema mno au nimechelewa.

Za mzee zilikuwa fomati za haraka zote mbili. Picha nyingi zimerudi, bila majina. Leo amekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, anafungua moja moja na kuniambia nani ni nani.