Aberfan 1966: stori zinazozunguka na kilichotokea kweli

Kila ikikaribia tarehe 21 Oktoba, watu wa Wales wanawakumbuka waliokufa kwenye kijiji cha Aberfan, na stori zilezile za uongo nazo zinaanza kuzunguka upya. Ngoja tuziweke sawa.

"Ilikuwa ajali ya mgodini, wachimbaji walifukiwa chini." Hapana jamani, wachimbaji ndo walikuja kufukua. Ijumaa ile saa 3 na robo asubuhi lundo la kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka toka mlimani likafunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani, wakafa watu 144, kati yao watoto 116, wengi wa miaka 7 mpaka 10. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula, mchana tu wangekuwa wamesharudi makwao. Wachimbaji wa mgodi huo wa Merthyr Vale wakapanda toka chini ya ardhi wakaja kuchimba shule ya watoto wao wenyewe, na kila baada ya muda filimbi inapulizwa, watu wote kimya, wanatega sikio kama kuna sauti ya mtoto kwenye lile tope. Baada ya saa 5 asubuhi hakutoka tena mtu hai.

"Mvua ilizidi, kazi ya Mungu." Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Mvua ilinyesha kweli, ila nani alimwaga kifusi juu ya chemchemi? Lundo namba 7, ndo hilo lililofunika shule, lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi iliyokuwepo kwenye ramani na wanakijiji walikuwa wanaijua, halafu Lord Robens, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, anawaambia waandishi wa habari eti ilikuwa haijulikani. Namba 4 lilishaporomoka mwaka 1944, hilohilo namba 7 likateleza mwaka 1963, na mwaka huohuo halmashauri ikaiandikia Bodi barua kuhusu hatari ya tope linalomwagwa nyuma ya shule, wao wakaendelea kumwaga mpaka lundo likafika kama mita 34. Tume ya uchunguzi ya Jaji Edmund Davies ilikaa siku 76 na ikasema wazi lawama ni ya Bodi.

"Bora waya wa simu usingeibwa." Waya wa simu ya kule juu kwenye lundo uliibwa kweli, na vijana wa zamu waliokuta lundo limetitia ilibidi wamtume mtu ashuke kwa miguu kutoa taarifa. Ila tume ililichunguza hilo ikaona hata simu ingekuwepo isingeokoa mtu, tope lilishuka haraka mno. Kwa hiyo mwizi wa waya tumuache, ana kesi yake nyingine.

Waliofungwa? Hakuna. Walioshtakiwa? Hakuna. Robens aliandika barua ya kujiuzulu, haikupokelewa, akakaa kwenye kiti mpaka 1971.

"Angalau wafiwa walilipwa vizuri." Ehee, hapa kaa chini kabisa. Bodi ilitoa pauni 500 kwa kila mtoto aliyekufa, basi. Rambirambi za watu wa kawaida toka kila kona ya dunia zilifika kama pauni milioni 1.75, na tume ya serikali inayosimamia mifuko ya misaada (Charity Commission) ikapendekeza kwamba kabla mzazi hajapewa kitu aangaliwe kwanza kama alikuwa karibu na mwanae! Mzazi kafukuliwa mtoto kwenye tope, anaulizwa alimpenda kiasi gani. Halafu malundo yaliyobaki juu ya kijiji, Bodi na serikali hawakutaka kubeba gharama yote ya kuyaondoa, ikachotwa pauni 150,000 kwenye hizohizo rambirambi, yaani waliozika watoto ndo wakachangia kuondoa uchafu uliowaua. Hela hiyo ilirudishwa mwaka 1997 bila riba hata senti, na mpaka 2007 ndo serikali ya Wales ikaongeza pauni milioni 2 kufidia.

"Hayo ya zamani, yameisha." Wales bado ina malundo ya migodi iliyofungwa zaidi ya 2,000, na Februari 2020 baada ya mvua kubwa, lundo moja liliporomoka Tylorstown, bonde la pili tu toka Aberfan. Safari hii chini yake hapakuwa na shule.