Sista, mbona hujavaa glavu?

Nimeulizwa tena. Napima presha, ngozi ya mzee ni nzima, hakuna damu wala kidonda, na binti yake ananikazia macho kana kwamba nimekuja kumwekea baba yake sumu. Kitanda cha jirani kuna mhudumu anagawa vidonge na glavu zilezile alizoshikia faili, pazia, stendi ya dripu na, kama sikosei, simu. Huyo haulizwi na mtu. Huyo ndiye msafi!

Jamani, glavu kazi yake ya kwanza ni kumkinga aliyezivaa dhidi ya damu, mkojo, kinyesi na usaha. Wewe mgonjwa unafaidika pale tu zinapokuwa mpya kwako, zimevaliwa na mikono iliyosafishwa, na zinatupwa kazi yako ikiisha. Bakteria hawajali kama wamekaa juu ya mpira au juu ya ngozi. Tena mkono mtupu ukilowa utahisi, utanawa. Uliomo ndani ya glavu hauhisi kitu, unaendelea na safari. Glavu hutoboka bila kuonekana, na wakati wa kuzivua ni rahisi kujipaka uchafu, ndiyo maana tunasafisha mikono hata baada ya kuzivua.

Kupima presha, joto na mapigo, kulisha, kutoa vidonge: ngozi ikiwa nzima, glavu za nini? Kuweka kanula, kile kimrija cha dripu kwenye mshipa, au kutoa damu, hapo sawa, lazima. Lakini sindano ya kawaida ya msuli, ngozi yako na mikono yangu ikiwa haina jeraha, miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) hainidai glavu. Najua wauguzi wenzangu kadhaa watanuna hapa. Wanune. Na wale wanaopaka kitakasa mikono juu ya glavu ili wahamie kwa mgonjwa wa pili, hao sijui niwaambie nini. Mwaka 2025 WHO iliifanya glavu kuwa mada ya Siku ya Usafi wa Mikono, 5 Mei: glavu huenda zikahitajika, usafi wa mikono unahitajika siku zote.

WHO hiyohiyo inakadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Kwa hiyo tazama mikono, kabla haijakugusa. Kusugua kitakasa cha spiriti ni sekunde 20 hadi 30, kunawa kwa maji na sabuni 40 hadi 60. Penye kuhara dai sabuni, maana kuna bakteria wa kuhara, Clostridioides difficile, ambao spora zao, yaani umbo lao gumu la kujikinga, haziuawi na spiriti.

Ndugu mnaouguza, chupa ya kitakasa ya mlangoni ni yenu pia. Kumbadilisha mgonjwa nepi kisha kumlisha uji na glavu zilezile si kumhudumia. Kanula ikiuma, ikivimba au ikiwa nyekundu, semeni sasa, msingoje raundi ya daktari. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na kila siku ulizeni kama mpira wa mkojo bado unahitajika.

Sasa lile linalonisumbua. Tunafundishwa kumhimiza mgonjwa amuulize mhudumu, "Umenawa mikono?" Kwenye bango inapendeza. Wodini, mama aliyejifungua kwa upasuaji anasubiri dawa ya maumivu kutoka kwa nesi huyohuyo. Amuulize kwa ujasiri gani? Na siku bomba halitoi maji na chupa ya kitakasa ni tupu, nesi ajibu nini? Sina hakika kama ni haki kumtwisha mgonjwa ulinzi ambao ni kazi yetu.

Kwa hiyo siku hizi nawapa njia ya pembeni. Ukimwona sista anakuja na glavu alizotoka nazo kitanda kingine, mwambie, "Samahani sista, naomba unibadilishie glavu." Hilo wanalithubutu, kwa sababu glavu wanaziamini. Na akizivua inambidi asafishe mikono kabla ya kuvaa nyingine, nawe hujamuuliza habari za kunawa. Asiposafisha, niite mimi.