Msongamano wa mifupa kwa mzee wa kiume: maana yake, homoni na misuli

Msongamano wa mifupa ni kiasi cha madini, hasa kalsiamu na fosfeti, kilichomo kwenye eneo fulani la mfupa. Hupimwa nyongani na kwenye pingili za mgongo kwa mashine ya DXA, inayotumia eksirei hafifu, na majibu humlinganisha mtu na vijana wenye afya. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mfupa umelika kiasi cha kuvunjika kirahisi.

Wengi huuona ugonjwa huu kuwa wa akina mama, kwa kuwa kwao mifupa hupungua kwa kasi hedhi inapokoma. Mwanaume hana kipindi cha ghafla namna hiyo. Testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, hushuka polepole, takriban asilimia 1 kwa mwaka baada ya ujana, na mifupa hulika bila maumivu yoyote. Wengi hugundulika wakiwa wameshavunjika, na mzee wa kiume akivunjika nyonga, hatari ya kufariki ndani ya mwaka huo ni kubwa kuliko ya bibi wa umri wake.

Tena, homoni inayoulinda zaidi mfupa wa mwanaume ni estrojeni, inayojulikana zaidi kuwa homoni ya kike. Mwili wake huitengeneza kutokana na sehemu ya testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye, kwa hitilafu ya kurithi, mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha. Hata hivyo alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, huku mifupa yake ikiwa na osteoporosisi.

Misuli nayo ina sehemu kubwa. Msuli ukiuvuta mfupa, seli zilizomo ndani ya mfupa huhisi mvuto huo na mfupa mpya hujengwa. Wanaanga, ambao miguu yao haibebi uzito, hupoteza karibu asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Misuli ikidhoofika uzeeni, hali iitwayo sarkopenia, mfupa hukosa kichocheo hicho, na mzee akijikwaa hana nguvu ya kujizuia asianguke. Wataalamu wa Ulaya humshuku kuwa na sarkopenia mwanaume ambaye nguvu ya kiganja chake kukamata kitu haifiki kilo 27, au anayechukua zaidi ya sekunde 15 kusimama na kukaa kitini mara tano bila kutumia mikono. Mtazame babu anaponyanyuka: anajisogeza ukingoni, anashika mapaja, anajisukuma, anarudi kukaa, anajaribu tena. Miguu imeisha nguvu, hata kama mwili unaonekana mnene.

Je, achomwe sindano ya testosteroni? Nawasihi wazee wasikimbilie huko kwa sababu ya mifupa peke yake. Utafiti wa TRAVERSE wa Marekani uliwafuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye testosteroni ndogo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha waliopaka jeli ya homoni hiyo walivunjika zaidi: asilimia 3.5, dhidi ya 2.5 kwa waliopaka jeli isiyo na dawa. Na huko nyuma ilishaonekana kuwa homoni hiyo huongeza msongamano! Kumbe namba ya mashine kupanda ni jambo moja, na mtu kutovunjika ni jingine.

Mazoezi ya nguvu ndiyo nayaamini zaidi: kunyanyuka kitini bila mikono, kupanda ngazi, kubeba mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Chakula kiwe na protini ya kutosha. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta na kalsiamu pia.

Mashine za DXA ziko hospitali chache, lakini wapo wanaopaswa kuulizia kipimo hicho mapema: aliyevunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama, anayemeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa miezi mingi, na anayechomwa sindano za kushusha homoni kutibu saratani ya tezi dume. Huyu wa mwisho mifupa yake hupungua haraka kuliko ya wenzake, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.