Mkuu wa idara akisema "njooni", bado hamna mkataba

Naandika hii kwa wenye vikundi vya madaktari na kampuni za kukodisha wataalamu hapa Marekani, mlio na kazi (au mnaoitafuta) ya kupeleka madaktari bingwa kwenye hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani), zile za idara ya serikali iitwayo VA. Kuna sentensi moja nimeisikia kwa wateja mpaka simu ikiita tu najua inakuja: "Lakini mkuu wa idara mwenyewe ndo alituambia tuanze."

Tuanze na hiyo basi, maana ndo inayonimaliza.

Dhana: daktari mkubwa wa hospitali akikubali, serikali imekubali

Hapana. Mkuu wa upasuaji, mkuu wa tiba, hata mkurugenzi wa hospitali, hakuna anayeweza kuifunga serikali kimkataba kwa sababu ya cheo chake tu. Anayeweza ni CO, yaani afisa mikataba wa serikali mwenye hati ya uteuzi, tena ndani ya kiwango cha pesa kilichoandikwa kwenye hati hiyo. COR, yaani mwakilishi wa CO, ambaye ndo mnaonana naye kila siku na mmezoeana naye, kazi yake ni kuhakiki masaa, kuangalia kama huduma inafuata PWS (maelezo ya kazi yaliyo kwenye mkataba) na kupitia invoisi, basi. Kuongeza masaa hawezi, kubadili bei hawezi, kuongeza bingwa wa pili hawezi.

Hapo mtu ananiambia, lakini kwenye biashara ya kawaida meneja akinituma kazi kampuni yake inalipa, mimi ningejuaje kama hana mamlaka? Sawa, huko kwenye biashara ya kawaida. Kwa serikali ya Marekani hoja hiyo ilishazikwa mwaka 1947, kwenye kesi ya Federal Crop Insurance Corporation dhidi ya Merrill. Wakulima wa Idaho waliambiwa na kamati ya wilaya yao kwamba ngano yao inakubalika kwenye bima ya serikali, ukame ukaiua, wakaenda kudai, kumbe kanuni hazikuruhusu ngano ya aina ile kukatiwa bima. Mahakama ya Juu ikasema anayefanya biashara na serikali ndo mwenye jukumu la kujua aliye mbele yake mamlaka yake yanaishia wapi, hata kama huyo mtu mwenyewe hajui. Sasa kama mkulima wa Idaho hakuhurumiwa, wewe mwenye mwanasheria na mhasibu utahurumiwa kwa lipi?

Na inavyotokea ni vilevile kila mara. Mna mkataba wa madaktari wa usingizi, Jumatatu mpaka Alhamisi. Daktari mmoja wa VA anaacha kazi, Jumatano jioni mkuu wa idara anatuma imeili ya mistari miwili: tusaidieni na Ijumaa pia mpaka tupate mtu, asanteni sana. Mnafurahi, maana ni masaa zaidi na ni uhusiano mzuri, Ijumaa zinapita, upasuaji unafanyika, kila mtu anawashukuru. Halafu invoisi inarudi. Ile CLIN, yaani kipengele cha mkataba chenye huduma na bei yake, ina masaa ya siku nne kwa wiki, Ijumaa haipo popote, COR hawezi kuipitisha hata akitaka, na yule mkuu wa idara ghafla hajibu imeili kwa sababu ameshaambiwa kwamba alichofanya ni kuahidi pesa za serikali bila mamlaka na yeye mwenyewe anaweza kuwajibishwa.

Kuna njia ya kuhalalisha baadaye, ndiyo, na hapo ndo watu wanatulia wakidhani ni fomu tu ya kujaza. Sio fomu. Lazima serikali iwe kweli imepata hiyo huduma, bei iwe ya haki, pesa ziwe zilikuwepo wakati ule kazi inafanyika (sio leo), na mkataba wenyewe ungekuwa halali kama CO angeufanya tangu mwanzo, na hata vyote vikitimia, aliye juu ya CO bado ana hiari ya kukataa. Wakati huo wewe umeshawalipa madaktari wako.

Ushauri wangu, na nitausema mpaka nistaafu: ombi lolote nje ya mkataba lijibiwe siku hiyohiyo kwa imeili kwenda kwa CO, nakala kwa COR na kwa aliyeomba. "Tumeombwa kuongeza Ijumaa. Tuko tayari. Tunasubiri modifikesheni ya mkataba iliyosainiwa, mpaka hapo ratiba inabaki ilivyo." Mistari mitatu, adabu imo, hakuna aliyegombana. Mgonjwa aliye mezani anamalizwa, hakuna anayebisha, na dakika zilizozidi mnamjulisha CO kabla hamjalala. Lakini ratiba ya Ijumaa ijayo sio dharura, ni mtu amechelewa kupanga. Kingine, ile barua ya uteuzi wa COR, kile kipande kinachotaja asichoweza kufanya, msomesheni kila daktari kabla hajaanza, maana wao ndo wanaoombwa kwenye korido na wao ndo wanaosema "hamna shida".

Dhana: daktari akiwa ndani ya VA, serikali inambeba akishtakiwa

Hii inaweza kufilisi mtu. Sheria ya FTCA ya mwaka 1946, ile ya kuidai serikali fidia kwa uzembe wa watu wake, inawafunika waajiriwa wa serikali, na imewatoa wakandarasi kwa maneno wazi. Mkataba wa kawaida wa huduma za kitabibu unamhesabu daktari wako kuwa mtu wa nje anayejitegemea: VA inaweza kupima ubora wa kazi yake, ila haiongozi uamuzi wake wa kitaalamu. Bima ya uzembe wa kitabibu ni juu yenu, na ushahidi wake unatakiwa kabla ya kazi kuanza. Na kama bima yenu ni ile inayolipa madai yakifunguliwa wakati bado iko hai, mnatakiwa kununua na mkia wake, yaani nyongeza ya kulipa madai yanayokuja bima ikishakwisha, usiopungua miaka 3 baada ya mkataba kuisha. Huo mkia sio wa bei ndogo, na naona watu wanapanga bei ya miaka 5 bila kuuhesabu halafu wanashangaa faida imeenda wapi. Ukimkuta mkuu wa idara anamsainia daktari wako likizo kama mwajiriwa wake, mwambie CO, mambo yameanza kwenda kombo.

Dhana: kampuni ya veterani lazima ipate kazi

Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Kingdomware, 2016, ilisema VA lazima itumie ile kanuni ya kampuni mbili: kukiwa na matarajio ya kweli kwamba kampuni mbili au zaidi za maveterani zitaomba kwa bei ya haki, shindano ni lao. Haikusema mtapewa. Tena kwa madaktari bingwa kuna mlango mwingine kabisa, sheria inaruhusu VA kununua bila ushindani kutoka chuo cha udaktari kinachoshirikiana na hospitali. Ushirika huo umeanza tangu Januari 1946, enzi za Jenerali Omar Bradley akiiongoza VA, kwa hiyo ukikuta chuo kimeshika radiolojia yote usianze kupiga kelele za rushwa. Piga kelele ukimkuta daktari wa VA ambaye pia ni profesa wa chuo hicho ameshiriki kuuandaa huo mkataba, hapo kweli kuna mgongano wa maslahi.

Dhana: masaa ya makadirio ni ahadi

Soma kiwango cha chini. Kwenye IDIQ, mkataba ambao kiasi cha kazi hakijapangwa kamili mwanzoni, hicho ndo mmeahidiwa, mengine yote ni makadirio. Miaka ya opsheni, ile ya kuongeza mkataba, nayo ni haki ya serikali, sio yenu.

Dhana: SAM inalipiwa

Kujisajili SAM, mfumo wa serikali wa wanaotaka mikataba yake, ni bure. Wanaowatumia imeili za kulipia kila mwaka sio serikali.

Dhana: mkataba wa VA na Community Care ni kitu kimoja

Kwa Community Care, mpango wa VA wa kutibiwa nje ya hospitali zake, mgonjwa anakuja kwenu na mnashughulika na Optum au TriWest, kampuni zinazouendesha. Kwenye mkataba wa VA daktari wenu ndo anaenda hospitali ya VA, karatasi ni nyingine, malipo ni mengine, simu mpigieni mtu sahihi.

Dhana: daktari aliyeshafanya kazi VA nyingine anaanza kesho

Taarifa zake kwenye VetPro, mfumo wa VA wa kuhakiki vyeti vya madaktari, zinasaidia, lakini ruhusa ya kutibu inatolewa na kila hospitali kivyake, na uchunguzi wa historia yake pamoja na kadi ya PIV (kitambulisho cha serikali cha kuingilia majengo na kompyuta) vina foleni zao. Peleka jina la daktari wa akiba siku moja na jina la daktari mkuu, usisubiri wa kwanza aumwe.