Kwa nini programu nzuri ya uigaji haina ukurasa wa maelezo?

Je, wajua? Ukifungua programu ya uigaji, yaani inayoiga vitu halisi kwenye kompyuta, ya kuunda sakiti (njia za umeme) ya mradi wa PhET, wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani, unakuta uwanja mtupu na kisanduku chenye waya, betri, balbu, rezista na swichi. Maelezo ya kuitumia hayapo. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia, na uchache huo wa maneno ni wa makusudi.

Wengi hudhani kinyume: kwamba kiolesura (sehemu ya programu unayoiona na kuigusa) cha kufundishia kikiwa na maelezo marefu na mapambo mengi ndivyo kitakavyoeleweka. Ndiyo maana programu nyingi za shule hufunguka na kurasa tatu za maagizo, katuni ya mwalimu anayepunga mkono, na muziki usiozimika. Maagizo huwa hayasomwi. Yakisomwa ni hasara zaidi, kwa sababu mwanafunzi hubofya hatua ya kwanza hadi ya sita, hufika mwisho na hajajiuliza lolote. Mapambo nayo yana madhara yake. Mgeni wa somo hajui kipi ni fizikia na kipi ni urembo, hivyo mti ukiyumba nyuma ya sakiti, atatafuta uhusiano wa upepo na umeme. Katika programu ya PhET yumo hata mbwa, lakini ana kazi: unamuunga kwenye sakiti uone kama anapitisha umeme, sawa na sarafu, kifutio na penseli.

Sasa mwanafunzi anaongozwaje bila kuambiwa? Chukua bao la kiswahili. Mashimo 32 yanatosha kumwonyesha mgeni kwamba kete huwekwa humo. Hakuna anayejaribu kuzipanga ukingoni. Kiolesura nacho huchonga mashimo. Ncha ya waya ina duara linalonasa ncha nyingine ikisogezwa karibu, kwa hiyo mkono wenyewe unagundua kuunga. Volti hubadilishwa kwa kitelezi chenye mwanzo na mwisho, hivyo namba ya kipuuzi haiandikiki. Na jibu huja papo hapo: likichelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, jicho huanza kutenganisha kitendo na matokeo yake. Ukiunga waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, moto unawaka. Kosa hilo halikatazwi, maana ndilo somo lenyewe la shoti.

Ila bao hilohilo linaonyesha mpaka wa mbinu hii. Mashimo hayakwambii namua (hatua ya kwanza ya mchezo, ya kuingiza kete ubaoni) ni nini wala kwa nini kila mchezaji anabaki na kete 22 mkononi. Kwa sakiti pia, swali la mwalimu bado linahitajika, mfano: "Fanya balbu mbili ziwake sawasawa, kisha uzifanye zififie." Swali liwe la lengo, lisitaje vitufe.

Kupima kiolesura ni rahisi. Mkalishe mwanafunzi mmoja, mwombe aseme kwa sauti anachofikiri, nawe unyamaze. Kitufe asichokigusa hakionekani au hakieleweki. Akikigusa akitarajia jambo jingine, mchoro wake unadanganya. Rekebisha kitufe, usimrekebishe mwanafunzi.

Kuna utafiti wa mwaka 2005 wa chuo hichohicho ambapo wanafunzi waliotumia sakiti za kompyuta walizieleza na kuziunda sakiti halisi vizuri kuliko waliofanyia mazoezi vifaa halisi. Lakini zilikuwa sakiti rahisi za mkondo mnyoofu (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kwa hiyo ni mapema kufunga maabara.

Tena kuna uongo mmoja ndani ya kiolesura hiki kizuri. Elektroni, chembe zinazobeba umeme ndani ya waya, huonekana zikitiririka kama siafu. Betri ya volti 9 na rezista ya omu 10 hutoa ampea 0.9, na katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita moja ya mraba, elektroni husonga kwa wastani milimita 0.07 hivi kwa sekunde. Mita moja ingezichukua zaidi ya saa nne. Zikichorwa kwa mwendo wake halisi, mwanafunzi angedhani programu imeganda.